Bibi Shirley Chisholm, Mwalimu na Mtunga Sheria

Msomaji, ukiulizwa sheria za nchi hutungwa na nani, bila shaka utajibu kwamba hutungwa na wabunge. Jibu lako ni sahihi, lakini halitoshi. Kila mjumbe huingia barazani na kazi yake ya zamani imeshikamana naye, kama harufu ya karafuu inavyoshikamana na nguo za mchumaji. Aliyekuwa wakili huzitazama sheria kwa macho ya mahakama. Aliyekuwa mfanyabiashara huzipima kwa faida na hasara. Je, aliyekuwa mwalimu huzitazama kwa macho gani? Swali hilo nitajaribu kulijibu kwa kueleza maisha ya Bibi Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa Marekani, ambaye alifanya kazi ya kulea na kufundisha watoto wadogo kwa miaka mingi kabla ya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Jimbo la New York mnamo mwaka 1964. Watu wengi humkumbuka kwa mambo makubwa yaliyofuata baadaye, na mambo hayo nitayataja. Lakini miaka yake minne katika baraza la jimbo yastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana humo ndimo tunamoona wazi jinsi darasa linavyoweza kuzaa sheria.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze kidogo jinsi nchi ya Marekani inavyotawaliwa, ili msomaji asichanganyikiwe. Marekani ni muungano wa majimbo 50. Mambo ya nchi nzima, kama vile vita, sarafu na uhusiano na mataifa mengine, huamuliwa na serikali ya muungano iliyoko Washington, yenye bunge lake liitwalo Kongresi. Lakini kila jimbo lina gavana wake, mahakama zake na baraza lake la kutunga sheria, na nguvu za baraza hilo ni kubwa kuliko watu wa mbali wanavyodhani. Shule na vyuo, ajira ya waalimu, uandikishaji wa wapiga kura, msaada kwa waliopoteza kazi: mambo kama hayo, ambayo humgusa raia tangu anapoamka asubuhi, kwa sehemu kubwa huamuliwa katika jimbo. Baraza la New York hukutana katika mji wa Albany, ulio kaskazini ya jiji la New York, mwendo wa kilomita zipatazo 240. Katika nyumba ya chini ya baraza hilo mlikuwa na viti 150 wakati Bibi Chisholm alipoingia, na karibu vyote vilikaliwa na wanaume weupe.

Shirley Anita St. Hill, maana hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake, alizaliwa Brooklyn, sehemu mojawapo ya jiji la New York, tarehe 30 Novemba 1924. Wazazi wake walikuwa wageni katika nchi hiyo. Baba yake, Charles St. Hill, alizaliwa Guiana, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Waingereza huko Amerika ya Kusini, na mama yake, Ruby Seale, alitoka kisiwa cha Barbados. Baba alifanya kazi za mikono, mara kiwandani, mara katika duka la kuoka mikate. Mama alishona nguo, na pia aliingia katika nyumba za watu kufagia, kufua na kupika. Nakuomba, msomaji, uiweke akilini kazi hiyo ya mama, kwa kuwa tutakutana nayo tena katika kumbi za kutungia sheria. Mtumishi wa nyumbani wa siku zile hakuwa na mkataba ulioandikwa, wala chama cha kumtetea. Akiambiwa na tajiri wake, "Kesho usije," basi riziki yake ilikatika siku hiyo hiyo.

Mishahara ya wazazi haikutosha kulea watoto na kuweka akiba kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Shirley na wadogo zake wawili walipelekwa Barbados, kwa nyanya yao mzaa mama, Emaline Seale. Huko waliishi maisha ya shamba, wakasoma katika shule ya kijiji yenye chumba kimoja, ambamo madarasa yote yalifundishwa kwa pamoja. Shule hiyo ilifuata desturi za Waingereza: kusoma, kuandika na hesabu tangu utotoni, na fimbo kwa mvivu. Baadaye maishani Bibi Chisholm alisema kwamba kama aliweza kusema na kuandika kwa wepesi, sababu kubwa ilikuwa shule ile ndogo ya kisiwani.

Mnamo mwaka 1934 watoto walirudi Brooklyn, na hapo Shirley alipata somo ambalo halikuandikwa katika kitabu. Alijua kusoma na kuandika kuliko wenzake, lakini hakujua historia wala jiografia ya Marekani, kwa sababu hakufundishwa. Waalimu walimteremsha akae na watoto wadogo kuliko yeye. Akachoshwa na masomo mepesi, akaanza utundu darasani. Bahati nzuri, wakubwa wa shule waling'amua kwamba kasoro yake ni moja tu. Wakampa mwalimu wa kumfundisha yale mambo mawili aliyoyakosa, naye haukupita muda mrefu akawafikia wenzake na kuwapita. Mwanafunzi wangu, zingatia jambo hili. Mtoto yule yule, mwenye akili ile ile, alionekana mjinga alipoachwa, na akaonekana hodari aliposaidiwa. Miaka 30 baadaye, fikira hiyo iligeuka kuwa sheria.

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1942, na alipata nafasi katika vyuo mashuhuri vilivyo mbali na nyumbani, lakini wazazi wake hawakuweza kulipia malazi. Akaingia Chuo cha Brooklyn, kilichokuwa cha jiji na kisichodai ada, akasoma elimu ya jamii na lugha ya Kihispania. Huko alijulikana kwa ufundi wa mijadala. Mwalimu wake mmoja wa elimu ya siasa, Louis Warsoff, ambaye alikuwa kipofu, alimwambia kwamba yafaa aingie katika siasa. Msichana huyo alimjibu kwamba mwalimu amesahau mambo mawili: kwanza yeye ni mweusi, na pili yeye ni mwanamke. Jibu hilo halikuwa la utani. Mwaka 1946, alipopata shahada yake, hapakuwa na mwanamke mweusi hata mmoja aliyewahi kukaa katika Kongresi ya Marekani.

Akachagua ualimu. Hata hivyo, kuupata ualimu wenyewe kulikuwa taabu, kwa sababu alikuwa na umbo dogo mno, na wakuu wa shule walidhani ni mtoto aliyekuja kucheza. Hatimaye alipokelewa katika nyumba moja ya kulelea watoto huko Harlem, akawa msaidizi wa mwalimu. Mchana alifundisha, usiku alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada ya pili katika elimu ya watoto wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1949 aliolewa na Conrad Chisholm, mzaliwa wa Jamaika. Baadaye alipewa usimamizi wa kituo cha Hamilton-Madison, chenye watoto 130 wa miaka mitatu hadi saba na wafanyakazi 24, na kati ya mwaka 1959 na 1964 alikuwa mshauri wa jiji la New York katika mambo ya vituo vya kulelea watoto.

Hapa msomaji aweza kuuliza, kazi ya kuwafuta watoto kamasi na kuwafundisha nyimbo ina uhusiano gani na siasa? Uhusiano wake ni mkubwa. Mwalimu wa watoto wadogo huonana na wazazi mara mbili kila siku, asubuhi na jioni. Humwona mama anayekuja mbio akiwa amechelewa kwa sababu tajiri wake hakumpa ruhusa kwa wakati. Humjua mtoto ambaye hakula tangu jana. Hujua ni nyumba gani baba amefukuzwa kazi, maana mtoto wa nyumba hiyo hubadilika. Watawala huyasoma mambo haya katika taarifa zenye tarakimu. Mwalimu huyasoma katika nyuso. Bibi Chisholm aliyasoma kwa muda wa karibu miaka 20.

Siasa za Brooklyn wakati huo zilishikwa na vilabu vya vyama. Kila mtaa ulikuwa na kilabu chake cha chama cha Democratic, na wakubwa wa kilabu ndio walioamua nani awe mjumbe, nani awe hakimu, nani apate kazi ya serikali. Mtaa wa Bedford-Stuyvesant ulikuwa umejaa watu weusi, lakini uongozi wa kilabu ulibaki mikononi mwa weupe. Wanawake nao walitumiwa kukusanya fedha kwa karamu na bahati nasibu. Bibi Chisholm alianza kwa kazi ndogo mno: kupamba visanduku vya sigara vya kuwekea fedha za bahati nasibu hiyo. Lakini hakuchelewa kuwauliza wanawake wenzake, "Sisi tunaleta fedha zote hizi, mbona hatupewi hata kidogo cha kuandalia shughuli zenyewe?" Wanawake wakadai, na wakubwa wakalazimika kutoa. Mwaka 1953 alishiriki katika kampeni ya kumchagua Lewis Flagg awe hakimu wa kwanza mweusi katika Brooklyn, na kampeni hiyo ilishinda. Mwaka 1960 yeye na wenzake waliunda kilabu kipya cha kushindana na wakubwa wa zamani, na baada ya miaka miwili mtu wao, Thomas Jones, akachaguliwa mjumbe wa baraza la jimbo.

Mwaka 1964 Jones alipewa uhakimu, kiti chake kikawa wazi. Bibi Chisholm alikuwa amefanya kazi ya siasa zaidi ya miaka 10: ameandika barua za wengine, amekusanya sahihi za wengine, amebisha milango kwa ajili ya wengine. Aliposema kwamba sasa zamu ni yake, baadhi ya wanaume wa kilabu chake walisita. Huko mitaani mambo yalikuwa hayo hayo. Mzee mmoja alimkabili akamwuliza kama amempikia mumewe chakula cha asubuhi kabla ya kutoka kuomba kura. Hakumkasirikia. Alimweleza kwa upole kazi aliyoifanyia jamii miaka yote ile, kama mwalimu anavyomweleza mtoto aliyekosea hesabu. Novemba mwaka huo alishinda kwa kura nyingi sana. Kabla yake, mwanamke mweusi mmoja tu, Bessie Buchanan wa Harlem, ndiye aliyewahi kukaa katika nyumba hiyo ya baraza.

Yapasa tuseme ukweli juu ya yale yaliyomkuta Albany. Mjumbe mmoja kati ya 150 ni kama punje moja katika pishi ya mtama. Juu ya hayo, kwa sababu mahakama ziliamuru mipaka ya uchaguzi ipangwe upya, alilazimika kuomba kura mara tatu katika miaka mitatu: 1964, 1965 na 1966. Mswada wa mjumbe hupelekwa kwanza katika kamati, na aghalabu hufia humo humo. Ukiokoka, hujadiliwa na nyumba ya chini, kisha nyumba ya juu, kisha hupelekwa kwa gavana, ambaye aweza kuutia sahihi au kuukataa. Katika miaka yake minne Bibi Chisholm alipeleka miswada yapata 50, na iliyopita ni minane tu. Usiicheke hesabu hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na miongoni mwa ile minane imo iliyobadili maisha ya watu wengi.

Ya kwanza iliwahusu watumishi wa nyumbani. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilikuwa imeanzisha mpango mkubwa wa bima kwa wazee na kwa waliopoteza kazi. Katika mpango huo tajiri hulipa fedha katika mfuko maalum, na mfanyakazi anayeachishwa bila kosa lake hulipwa kiasi fulani kila juma mpaka apate kazi nyingine au muda wa msaada uishe. Lakini sheria hiyo iliwaacha nje watumishi wa nyumbani na vibarua wa mashambani, na haikuwa siri kwamba kazi hizo mbili ndizo zilizowashika Wamarekani weusi wengi. Mwanamke aliyepika katika kiwanda alikuwa na bima. Mwanamke aliyepika vyakula vile vile katika nyumba ya mtu hakuwa nayo. Mswada wa Bibi Chisholm uliwaingiza watumishi wa nyumbani wa New York katika bima ya kukosa kazi. Huenda wajumbe wengine waliiona kuwa marekebisho madogo ya sheria ya kazi. Yeye alimwona Ruby Seale akitoka nyumbani alfajiri.

Ya pili ilihusu elimu ya juu, nayo ndiyo iliyoendelea kuishi kwa muda mrefu zaidi. Nimekwisha kusema kwamba vyuo vya jiji la New York havikudai ada wakati ule. Kwa hiyo mtu angeweza kudai kwamba milango ilikuwa wazi kwa wote. Lakini mlango wenyewe ulikuwa na kizingiti kirefu: alama za juu kutoka shule ya sekondari. Vijana weusi na wale wenye asili ya Puerto Rico walisoma katika shule zilizosongamana na zenye waalimu wachache, na wengi wao hawakukifikia kizingiti hicho. Ada haikuwapo, ila nao hawakuwapo. Katikati ya miaka ya 1960 Bibi Chisholm na wajumbe wenzake walipigania mpango ulioitwa kwa kifupi SEEK. Kwa mpango huo, kijana maskini aliyeonekana kuwa na uwezo alipokelewa chuoni hata kama alama zake zilipungua, kisha akapewa masomo ya kuziba mapengo yake, washauri wa kumwongoza, na posho ya vitabu na matumizi.

Wapinzani wa mawazo ya namna hiyo husema kwamba elimu itashuka ikiwa wasiofuzu watapokelewa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na msomaji aipime mwenyewe. Lakini kumbuka yule mtoto aliyerudi kutoka Barbados, akateremshwa darasa kwa sababu hakufundishwa historia ya nchi ngeni. Mpango wa SEEK haukumpa mtu shahada ya bure. Ulimpa mwalimu, kama Shirley alivyopewa mwalimu, kisha ukamtaka afaulu mitihani ile ile ya wenzake. Mpango huo uliota mizizi katika vyuo vikuu vya jiji la New York, na vijana wengi sana wamepitia humo.

Ya tatu ilihusu waalimu wenyewe. Katika New York mwalimu hutumika kwanza kwa miaka ya majaribio, na baada ya hapo huthibitishwa kazini asiweze kufukuzwa ovyo. Mwalimu wa kike aliyepata mimba na kuacha kazi kwa muda alipoteza miaka aliyokwisha kuihesabu, na aliporudi alianza upya kama mgeni. Bibi Chisholm, ambaye alifanya kazi miongoni mwa wanawake maisha yake yote, alijua maana ya jambo hilo: kwamba mwanamke aliadhibiwa kwa kuzaa, ilhali mwanamume mwenye watoto sita hakupoteza hata siku moja. Sheria aliyoipigania ilimlinda mwalimu mzazi asipoteze haki zake za utumishi.

Kuna jambo la nne, ambalo naamini litawagusa wanafunzi wanaozungumza lugha mbili au tatu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtu aliyetaka kuandikwa mpiga kura kwa mara ya kwanza katika Jimbo la New York alipaswa kuonyesha kwamba ajua kusoma na kuandika Kiingereza. Watu wa Puerto Rico walikuwa raia wa Marekani tangu mwaka 1917, lakini lugha yao ni Kihispania. Mzee aliyesoma gazeti la Kihispania kila asubuhi, na kujua mambo ya dunia yote, alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Bibi Chisholm, aliyekijua Kihispania vizuri, alisimama barazani akasema kwamba mtu kuimudu zaidi lugha ya mama yake si dalili ya ujinga. Mwaka 1965 Kongresi ilipitisha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, yenye kifungu kilichowalinda watu wa Puerto Rico waliosoma katika shule zao, na mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha kwamba kifungu hicho ni halali.

Mwaka 1968 mipaka ya uchaguzi ilipangwa upya kwa mara nyingine, ikapatikana sehemu mpya ya Kongresi yenye kitovu chake katika Bedford-Stuyvesant. Bibi Chisholm aliomba kura kwa mwito uliosema kwamba yeye hana bwana wa kumwamrisha wala tajiri wa kumnunua. Kwanza aliwashinda wenzake wa chama kwa kura chache. Kisha alikabiliana na James Farmer, mtu mashuhuri aliyeongoza mapambano ya haki za weusi katika majimbo ya kusini. Katikati ya kampeni aliugua, akapasuliwa hospitali, naye hakungoja apone vizuri ndipo arudi mitaani. Farmer alitembea na ngoma na magari ya kelele. Bibi Chisholm alikwenda kwa wanawake wa vyama vya mitaa, ambao miongoni mwa wapiga kura walikuwa wengi kuliko wanaume, na kwa watu wa Puerto Rico, akasema nao kwa lugha yao. Alishinda kwa zaidi ya kura mbili kwa moja, na Januari 1969 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika Kongresi.

Huko Washington alipangiwa kamati ya kilimo, katika shughuli za misitu na vijiji, ingawa alitoka katika mitaa ya saruji isiyo na shamba hata moja. Desturi ilimtaka mjumbe mpya anyamaze. Yeye alilalamika mbele ya nyumba nzima, akahamishiwa kamati ya askari waliostaafu, akasema kwamba walau askari hao wako wengi kwake kuliko miti. Baadaye alipata kamati aliyoitaka, ile ya elimu na kazi. Lakini ushindi haukuwa wake siku zote. Mwaka 1971 alikuwa miongoni mwa waliopigania mpango wa nchi nzima wa vituo vya kulelea watoto, jambo alilolijua kuliko karibu wajumbe wote. Kongresi iliupitisha, na Desemba mwaka huo Rais Richard Nixon akaukataa.

Januari 1972 alitangaza kwamba anaomba chama chake kimteue kugombea urais. Alijua kwamba hana fedha, na wengi wa viongozi weusi na wa vyama vya wanawake hawakumuunga mkono. Katika mkutano mkuu wa chama huko Miami Beach alipata kura 152 za wajumbe, akashindwa na George McGovern. Lakini tukio moja la kampeni hiyo lastahili kukumbukwa. Mmoja wa wagombea wenzake alikuwa George Wallace, Gavana wa Alabama, aliyekuwa amejulikana duniani kote kwa kutetea utengano wa weupe na weusi. Mwezi wa Mei Wallace alipigwa risasi, akapooza miguu. Bibi Chisholm alikwenda hospitali kumjulia hali. Wafuasi wake wengi walikasirika mno; waliona kwamba amewasaliti. Yeye aliona kwamba mgonjwa hutazamwa, awe nani.

Baada ya miaka miwili, wale watumishi wa nyumbani walirudi tena mezani, safari hii mbele ya taifa zima. Sheria ya mshahara wa chini ya mwaka 1938 ilikuwa imewaacha nje, kama ile ya bima ilivyowaacha. Bibi Chisholm na wenzake walitaka waingizwe, lakini kura zilipungua, hasa za wajumbe wa kusini. Wallace, akiwa juu ya kiti chake cha magurudumu, alizungumza na baadhi ya wajumbe hao, nao wakaunga mkono. Aprili 1974 marekebisho yakawa sheria, na mpishi, yaya na mfuaji wa nguo wakapata kwa mara ya kwanza haki ya mshahara wa chini katika nchi nzima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na wakati mwingine kidole cha pili hutoka katika mkono usioutazamia.

Bibi Chisholm aliondoka katika Kongresi Januari 1983, akiwa amekaa humo miaka 14. Wapo wanasiasa ambao wakiacha kiti hubaki wakizungukazunguka milango ya wakubwa. Yeye alirudi darasani. Alifundisha katika Chuo cha Mount Holyoke, jimboni Massachusetts, masomo ya siasa na ya wanawake. Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alitaka awe balozi wa Marekani katika Jamaika, lakini afya yake haikumruhusu. Alifariki tarehe 1 Januari 2005, mjini Ormond Beach, Florida, akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka 2015 Rais Barack Obama alimtunukia, ingawa hayupo tena duniani, nishani ya juu kabisa ambayo taifa hilo huwapa raia wake.

Sasa turudi katika swali letu la mwanzo. Mwalimu huzitazama sheria kwa macho gani? Nadhani maisha ya Bibi Chisholm yatupa jibu. Mwalimu aliyezoea kazi yake, akiingia darasani asubuhi, hafurahii tu wale waliokuja. Huita majina ili ajue nani hayupo, kisha huuliza kwa nini. Ndivyo alivyofanya huyu mama katika baraza. Aliichukua sheria ya bima akaita majina, akaona mtumishi wa nyumbani hayupo. Akavitazama vyuo visivyo na ada, akaona watoto wa maskini hawapo. Akaitazama orodha ya wapiga kura, akaona msomaji wa Kihispania hayupo. Katika kila jambo hakuridhika kuambiwa kwamba ndivyo ilivyo desturi.

Nawe, mwanafunzi unayesoma kurasa hizi, huenda siku moja ukakaa katika baraza la kutunga sheria, liwe kubwa au dogo. Au huenda ukakaa tu katika kamati ya shule, ya kanisa, ya msikiti, au ya chama cha ushirika. Watu watakuletea karatasi iliyoandikwa vizuri, nao watakuambia kwamba imefikiriwa na wenye hekima, kwa hiyo utie sahihi upesi. Usikatae kwa ubishi, wala usikubali kwa haraka. Isome polepole, kisha uite majina kama mwalimu. Ukimwona asiyekuwamo, uliza sababu, na usione haya kuuliza mara ya pili.